Plasta ya saruji imeitesa nyumba ya babu Tabora: itapona, au tubomoe na kuuza mlango?

"Shikamoo mtaalamu. Babu yetu alituachia nyumba ya udongo hapa Tabora mjini, si mbali na soko. Kuta zake ni nene: nikiweka mkono dirishani kuanzia kiwiko, ncha za vidole hazitokezi upande wa pili. Mbele kuna baraza na mlango wa nakshi wenye maandishi ya Kiarabu juu. Wazee wanasema ilijengwa na Mwarabu zama za biashara ya pembe, na kwamba Livingstone alilala humo. Miaka sita iliyopita tulichangishana, tukapiga plasta ya saruji kuta zote za nje na kumwaga jamvi la zege kuzunguka nyumba ili iwe imara. Sasa plasta inaachia, chini ya ukuta kuna unyevu na unga mweupe, na masika haya chumba cha nyuma kimetoka ufa. Fundi anasema plasta ilikuwa nyembamba, tupige nyingine nzito yenye wavu wa waya. Kaka zangu wanataka tubomoe tujenge kwa bloku, na kuna mtu kutoka Dar es Salaam ameshaleta bei ya mlango. Mimi roho inaniuma. Nyumba ya udongo ya umri huo inaweza kupona kweli, au ndiyo imefika mwisho wake?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana ndani yake yamo matatu: nyumba itapona au la, ina umri gani hasa, na mlango uuzwe au ubaki. Nitaanza na la kwanza kwa sababu mvua hazimngoji mtu.

Kwa ulivyoieleza, nyumba yenu ina nafasi nzuri ya kupona. Ilikuwa imesimama salama mpaka miaka sita iliyopita, na dalili zote unazozitaja zimekuja baada ya saruji. Hilo pekee linatosha kutuambia tuanze kutafuta ugonjwa wapi. Plasta mliyoipiga na jamvi mlilomwaga vimefunga njia za maji kutoka, na ukuta wa udongo ukifungiwa maji ndani huoza taratibu huku kwa nje ukionekana umevaa vizuri.

Msijilaumu sana. Mimi mwenyewe, nikiwa fundi kijana niliyejua bloku tu, nilimpigia mama yangu mdogo plasta ya saruji kwenye nyumba yake ya tofali mbichi. Ikanyooka, ikang'aa, majirani wakaja kuuliza bei. Baada ya misimu minne ya mvua nilikwenda kumsalimia, nikagonga ukuta kwa mpini wa mwiko, ukaita kama debe tupu. Nikaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa mdogo, nikakwanyua kidogo tu. Kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka kizima kizima, bila kumeguka. Nyuma yake ukuta ulikuwa laini kama ugali uliolala, na vijizizi vyeupe vya majani vilikuwa vimetambaa humo vikinywa maji. Saruji ilikuwa ngumu kama siku niliyoipiga. Mama mdogo alinitazama tu, akaenda kuchemsha chai.

Sasa nikueleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa hutahitaji mtu wa kukuamulia. Tofali mbichi ni mchanga na vumbi laini vilivyoshikwa pamoja na mfinyanzi. Haikuchomwa, kwa hiyo nguvu yake yote inatoka kwenye ukavu. Ikikauka, hubeba paa na watu juu yake miaka mingi. Ikilowa chapachapa, hurudi kuwa tope. Waliojenga kwa udongo walilijua hilo, na hawakujidanganya kwamba ukuta wao hautaguswa na maji. Walichofanya ni kuhakikisha maji yanayoingia yanatoka. Ukuta uliosiribwa kwa udongo na kupakwa chokaa hunyeshewa leo, kesho jua likitoka unyevu unatoka kama mvuke kupitia uso wote wa ukuta. Hupumua, tuseme.

Saruji haipumui hivyo. Tena saruji ni ngumu isiyonyumbuka, ilhali udongo huvimba kidogo ukilowa na kunywea ukikauka, kila msimu, maisha yake yote. Ukivisha kitu kinachovimba na kunywea koti lisilonyumbuka, koti litachanika. Nyufa za kwanza huwa nyembamba kama unywele, hata huzioni. Mvua inayopigwa na upepo inaingia humo vizuri kabisa, lakini haina pa kutokea, maana kutoka kunahitaji uso mpana na ufa ni mstari tu. Maji yanashuka ndani kwa ndani, yanajikusanya chini, na ndipo plasta inapoachana na ukuta.

Jamvi nalo limefanya kazi yake. Ardhi iliyo chini ya nyumba yoyote ina unyevu. Zamani unyevu ule ulikuwa unapaa kupitia udongo wa uwanjani, pale pale kando ya msingi. Mlipomwaga zege kuzunguka nyumba mliufunika kama sufuria, na sasa njia iliyobaki ni ukuta wenyewe. Unapanda kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ule unga mweupe ni chumvi za ardhini: zinayeyuka, zinapandishwa na maji, na pale maji yanapokauka zinabaki na kuganda kuwa vichembe. Vichembe vile vikikua vinasukuma chembe za udongo na kuzitoa moja moja, ndiyo maana ukipitisha kidole ukuta unamwagika. Chukua penseli, weka alama mahali unga unapoishia juu, uandike na tarehe. Mwakani utajua kama dawa imefanya kazi.

Fundi wako hasemi uongo. Anasema alichofundishwa, na alifundishwa kwenye bloku, ambako plasta ya saruji na ukuta wa saruji ni ndugu. Lakini hapa akipiga plasta nzito yenye wavu atafanya mambo mawili. Kwanza, misumari ya kushikiza wavu itautikisa ukuta ambao tayari umelegea. Pili, atajenga ganda zito linalojishikilia lenyewe, nyuma yake udongo ukiendelea kuoza kimya kimya, na siku litakapoanguka litaondoka na nusu ya ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli, ila wao walikuwa wanaziba kwa udongo. Ukiuziba huu kwa saruji, huo ukuta utaujenga mapema zaidi.

Tuje kwenye umri, maana hapa nina habari ambayo huenda wazee hawataifurahia. Nyumba inayojulikana kuwa ya Livingstone iko Kwihara, kilomita chache nje ya mji, na ukiwa huko Tabora huna sababu ya kutokwenda kuiona. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wakafika Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki Kwihara akingoja wapagazi hadi Agosti, kisha akaelekea kusini, ambako alifariki Mei 1873. Muda mrefu aliokaa hapa ni huo, na alikaa pale. Hadithi ya Livingstone kulala humu nimeisimuliwa kwenye nyumba nyingi mno. Kama zote ni kweli, basi mzee wa watu hakulala mahali pamoja usiku mbili.

Kuna kosa jingine linalofanywa hata na wasomi, la kudhani Tabora ya wakati ule ilikuwa kama Mji Mkongwe wa Zanzibar: vichochoro, nyumba zimebanana, kuta za mawe ya matumbawe. Haikuwa hivyo. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, kama mji ulivyoitwa katika maandishi yao, Novemba 1857, walikuta matembe makubwa yaliyotawanyika, kila moja na bustani yake na uwanja wake wa ndani. Na tembe ni nyumba ya watu wa bara kabla ya kuwa ya Mwarabu yeyote: kuta za udongo za pembe nne zinazozunguka uwanja, na paa bapa la boriti na fito lililofunikwa udongo. Wafanyabiashara kutoka pwani na Oman waliikuta namna hiyo ya kujenga, wakaikuza, wakaiongezea baraza mbele ya kupokelea wageni na mlango wa nakshi wa kuonyesha heshima ya mwenye nyumba. Udongo ulikandwa na mikono ya watu wa Unyamwezi. Kwa hiyo mtu akikuambia hiyo ni nyumba ya Mwarabu, mwambie ni kweli kwa hati na baraza, lakini ukuta ni wetu.

Katikati ya mji wa leo, penye soko na maduka, sehemu kubwa ya unachokiona kilikuja baadaye: enzi ya Wajerumani, kisha Waingereza, pamoja na maduka ya Wahindi yaliyofuata reli. Kwa hiyo nyumba yenu yaweza kuwa ya karne ya kumi na tisa kweli, au ya miaka ya 1910 hadi 1930 iliyojengwa kwa ufundi ule ule wa zamani. Mpaka wa kuutafuta ni reli. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo kila kitu kutoka pwani kilibebwa kichwani au begani kwa miezi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Mfuko wa saruji wa leo una kilo 50. Piga hesabu mwenyewe ni nani angebeba saruji ya kupiga plasta nyumba nzima kutoka Bagamoyo, au mabati ya kuezeka, wakati kitambaa na shanga vilikuwa na faida zaidi.

Basi ingia ndani ya nyumba ukiwa na tochi. Panda juu ya dari kama ipo, utazame vichwa vya kuta. Ukikuta matundu ya mviringo yaliyopangwa kwa mstari ukutani, chini ya kenchi za bati, pengine na vipande vya boriti vilivyokatwa vimebaki humo, hiyo ni alama ya paa bapa la tembe lililoondolewa na kuezekwa bati baadaye. Kama matundu hayapo na kenchi zimekaa mahali pake tangu mwanzo, nyumba yenu ina uwezekano mkubwa wa kuwa mtoto wa reli. Angalia pia kama kuna tofali za kuchoma kwenye pembe na vizingiti vya madirisha. Mara nyingi hizo ni za marekebisho. Nyumba ya zamani ni kama kanzu iliyotiwa viraka, na kila kiraka kina mwaka wake.

Maandishi ya mlangoni yatakusaidia zaidi. Mpeleke mwalimu wa madrasa akusomee, ukimwomba aangalie kama kuna mwaka wa Hijria. Ukiwa 1300, hiyo ni nyumba au mlango wa kuanzia Novemba 1882. Nasema nyumba au mlango kwa makusudi: mlango unaweza kutolewa nyumba iliyoanguka ukawekwa kwenye mpya, kwa hiyo tarehe yake ni ya mlango, na ushahidi wa kuta usikilizwe kivyake.

Haya, matibabu. Kazi yote ifanyike kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika kabisa. Na anzeni juu. Nimewaona watu wakitumia fedha zote kwenye ukuta huku bati lina tundu juu yake. Kagueni bati, misumari iliyolegea, na hasa urefu wa mapaa: bati la nyumba nyingi za Tabora limeishia vidole vichache tu nje ya ukuta, na maji yanayodondoka yanagonga ardhi na kurusha matone kwenye ukuta mpaka usawa wa goti. Ongezeni bati litokeze zaidi, au wekeni gata zinazopeleka maji kwenye pipa mbali na nyumba. Mkipata fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, fanyeni hilo.

Kisha ardhini. Vunjeni jamvi, angalau ukanda wa hatua moja kutoka ukutani kuzunguka nyumba yote, mfanye kwa nyundo na tindo na si kwa mashine ya kutetemesha. Jazeni ukanda huo kokoto, na udongo unaofuata uwe na mteremko wa kukimbia nyumba. Pimeni pia kama uwanja umepanda kuliko sakafu ya ndani. Miaka mingi ya kufagia, kumwaga vifusi na kuinua barabara huacha nyumba kongwe zikiwa kama zimekaa shimoni, na maji hayaulizi. Ukikuta ndivyo, punguzeni udongo wa nje taratibu, lakini msichimbe chini ya usawa wa msingi hata kidogo, maana misingi ya nyumba hizi mara nyingi ni mifupi kuliko unavyodhani. Na kama kuna bafu lililoongezwa likigusa ukuta huo wa nyuma wenye ufa, nitashangaa sana kama halihusiki.

Baada ya hapo ndipo mguse plasta. Msiikwanyue yote kwa siku moja. Gongeni ukuta kwa mpini, panapoita tupu wekeni alama ya chaki, muanze kutoa hapo kwa vipande vya upana wa mita moja, mkiruka na kurudi. Panaposhika sana paacheni kwanza, kuliko kung'oa na udongo mzima. Chumba cha nyuma kitegemezwe kenchi kwa nguzo za miti kabla hamjagusa ukuta wake. Mkishatoa, acheni ukuta uchi ukauke, wiki nne au sita. Majirani watasema mmeishiwa. Waacheni waseme.

Udongo wa kuzibia upo hapo hapo. Tofali zilizoanguka hazitupwi: zinalowekwa, zinapondwa, zinarudi ukutani, na hakuna udongo utakaoelewana na ukuta huo kuliko wake mwenyewe. Ukipungua mtachanganya na wa kichuguu, ila kichuguu peke yake kina mfinyanzi mwingi na kitapasuka kama sakafu ya bwawa lililokauka, kwa hiyo lazima kitiwe mchanga. Ujue vipi kiasi? Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, weka udongo mpaka theluthi, jaza maji, tia chumvi kiganjani kidogo, tikisa, iache imetulia. Mchanga unatua kwanza, ndani ya dakika moja. Vumbi laini linafuata. Mfinyanzi unakuja juu mwisho, saa nyingi baadaye. Unataka mfinyanzi uwe kama robo hivi ya matope yote yaliyotua. Kisha siribeni vipande vitatu vya majaribio ukutani, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, mngoje wiki. Kile kisichopasuka na kisichotoa vumbi ukikisugua ndicho mchanganyiko wenu. Mama zetu hutia na kinyesi cha ng'ombe, na wako sahihi: hufanya udongo ushikane na uvumilie matone.

Mwisho ni chokaa juu ya udongo uliokauka. Hapa muwe macho dukani. Nunueni mfuko wa chokaa ya ujenzi, si ya kazi nyingine, iloweke kwenye pipa siku kadhaa, ichujwe, ipakwe nyepesi kama maziwa juu ya ukuta uliorushiwa maji, mikono minne au mitano, kila siku mkono mmoja. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani, polepole, kwa hiyo ikipigwa na jua kali siku ya kwanza itakuwa unga tu. Wekeni magunia mabichi kuikinga. Msipake rangi ya mafuta wala ya plastiki juu yake. Hiyo ni saruji kwa jina jingine. Na chokaa hula macho na ngozi: miwani, glovu, watoto mbali.

Nisikufiche gharama ya njia hii. Vifaa ni rahisi, ila kazi haiishi. Kila baada ya mvua mtazunguka nyumba kuziba palipomeguka, na kila mwaka au miwili mtapaka chokaa upya. Ni kama shamba: asiyelima kila mwaka asiwe nalo. Ikiwa kati yenu hakuna atakayeishi humo au kusimamia, mpango wa kaka zako si wa kijinga, na nisingependa uwaone kama maadui. Nyumba ya bloku itawapa vyumba vilivyonyooka na hamtaisumbukia sana. Itakuwa pia na kuta za inchi sita zinazopitisha joto la Oktoba la Tabora kama bati, na mtakumbuka ule ubaridi wa chumba cha babu mchana. Kuna njia ya kati ambayo mimi, kwa nyumba kama yenu, ningeipigania: sehemu ya mbele yenye baraza, ukumbi na mlango iponywe kwa udongo na chokaa, na vyumba vya nyuma, kama vimeoza kweli, vijengwe upya, vikiachana na ukuta wa zamani kwa nafasi ya kupita mtu. Bloku isiegemee udongo. Zinatua kwa kasi tofauti na zitapasuana.

Kuhusu mlango, mwambie kaka asipokee hata senti ya malipo ya awali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja bayana milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vilivyolindwa, na kuviuza au kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa kalenda ya mlangoni, mwaka wowote chini ya 1358 Hijria unaingia humo. Nyumba yenyewe, kama ingethibitika kujengwa kabla ya 1863, ingekuwa na ulinzi wake katika sheria hiyo hiyo, na hapo mngehitaji ruhusa hata ya kubomoa. Mnunuzi anayesema hayo ni makaratasi tu anajua anachokificha.

Hata sheria isingekuwepo, ningekuambia usiuze kwa sababu ya ukuta. Fremu ile ilisimamishwa kwanza, udongo ukajengwa kuizunguka. Miimo inashika kingo za ukuta na kizingiti cha juu kinabeba udongo wote ulio juu yake. Wanaokuja kuuchukua hung'oa kwa mtaimbo asubuhi moja, wakaweka mbao mbili za kuzuia na kuondoka. Ukuta wa mbele unaanza kumeguka kuanzia shimo hilo, na mvua ya pili inamaliza. Nimeingia kwenye nyumba zilizouza mlango tu, kwa nia njema kabisa ya kupata fedha za kukarabati nyumba.

Kuutunza hakuhitaji fedha nyingi. Pangusa nakshi kwa brashi laini kavu, usiingize maji. Usipige msasa, kwa sababu msasa unaula mchongo. Usipake oli chafu, hata kama kila mtu mtaani anapaka. Inaweusha mbao, inakamata vumbi na haitoki tena. Mko Tabora, nchi ya nyuki: kwangua nta safi, itie kwenye chupa yenye tapentaini, ifunge iyeyuke yenyewe siku mbili mbali na moto, kisha pakaa kidogo sana kwa kitambaa, kwanza kwenye kona isiyoonekana. Ukiona vijifereji vya udongo vinapanda kwenye miimo, huo ni mchwa, na hapo usisubiri. Tafuta mtu wa dawa wiki hiyo hiyo, atibu ardhi iliyo chini ya kizingiti na siyo mbao peke yake.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ule ufa wa nyuma: chora mstari wa penseli unaoukata kwa usawa, andika tarehe, pima upana wake, rudi baada ya wiki mbili. Ukiwa umepanuka, au kidole chako cha shahada kinaingia, au unatokea ndani na nje mahali pale pale, mtu asilale chumba hicho tangu leo. Shusha timazi kutoka juu ya ukuta: kama ukuta umetumbuka katikati au kichwa chake kimeinama nje kwa upana wa kiganja, mwite mhandisi wa majengo aje kwa miguu yake kabla ya mtu yeyote kutoa plasta, maana wakati mwingine ganda lile la saruji ndilo linalouzuia usianguke. Mwulize kwanza kama amewahi kushughulika na tofali mbichi. Akisema dawa ni nguzo za zege kila pembe kabla hajagonga ukuta, mshukuru, mtafute mwingine. Na kabla ya kubomoa au kuuza chochote, nenda kwa afisa utamaduni wa manispaa, na pale Kwihara waulize wanaoitunza tembe namna ya kuwafikia Idara ya Mambo ya Kale. Barua ya mtu anayeuliza kabla ya kuvunja hupokelewa vizuri kuliko ya anayejitetea baadaye.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu. Asubuhi, jua likiwa bado linapiga kwa ubavu na nakshi zina vivuli, piga picha za mlango: mzima, kisha mfaa (ule ubao wa katikati), miimo, na maandishi kwa karibu mpaka tarakimu zisomeke. Zitume kwa ndugu wote kwa pamoja kabla ya kikao cha mirathi, na ya maandishi niletee mimi pia.